Kichwa cha Nguo Hakikatwi

Karatasi ya kiwanda ililetwa Jumatatu, na hadi Jumanne asubuhi Gideon Hislop alikuwa amejaza jina lake tu. Maswali mengine yote yalimshinda.

Jina la mtu wa kwanza wa ukoo wenu kufika Torbrae. Hilo alilijua: Andrew Hislop, babu yake mzaa baba, mfumaji wa sufu kutoka Galashiels, Uskoti. Mwaka aliofika. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Baba yake alikuwa akisema ni elfu moja mia nane hamsini na sita, wakati wa theluji. Baba yake mdogo akisema ni hamsini na nane, wakati wa mbu, na wote wawili waliapa kwa Biblia moja. Jina la meli. Nani alimwambia jina la meli? Babu mwenyewe alikuwa akisema tu "ile meli", kama mtu asemavyo "yule mwanamke", na watoto wakajua wasiulize zaidi.

Chini kabisa palikuwa na swali la mwisho: Mchango wa ukoo wenu katika historia ya kiwanda. Chini yake mistari miwili.

"Mistari miwili," Gideon aliliambia birika, maana tangu Juni hakuwa na mwingine wa kumwambia jikoni mle. "Wametukamua miaka mia, wanatupa mistari miwili."

Jumamosi kiwanda kilikuwa kinatimiza hiyo miaka mia. Kungekuwa na bendi, hotuba, chai ya bure, na bamba la shaba lingefunuliwa langoni, limeandikwa jina la mtu aliyebuni Miraba ya Haddow, ile nguo ya kijivu yenye mistari ya rangi ya kutu iliyovaliwa Kanada nzima na watu wasiojua Torbrae iko upande gani. Kila mtu alijua ni jina gani litakuwa pale: Josiah Haddow, mwanzilishi. Lakini karatasi ilisema kwa herufi nzuri za mashine kwamba mwenye habari nyingine juu ya chanzo cha nguo hiyo alete kabla ya Ijumaa, pamoja na ushahidi.

Ushahidi Gideon alikuwa nao. Ulikuwa ndani ya sanduku la marehemu mkewe, Effie, chini ya mashuka, umezungushiwa kafuri: mgolole wa babu.

Hadithi ya ukoo ilikuwa fupi, na kila Hislop aliinyonya pamoja na maziwa. Josiah Haddow alikuwa muuza misumari na chumvi. Hakujua mtande ni nyuzi zipi na mshindio ni zipi. Angeambiwa afume, angetafuta nyundo. Alikuwa na pesa ya urithi na maporomoko ya maji, basi. Akatokea Andrew Hislop, na mgolole wake wa kijivu na kutu begani, kama wavaavyo wachungaji wa kwao. Haddow akaushika, akasema, nifumie huu. Andrew akamfumia, akawafundisha na wengine. Miaka kumi na mbili baadaye alipoomba jina lake nalo liandikwe kwenye lebo, alionyeshwa mlango. Akamalizia maisha yake akifuma mablanketi ya wakulima katika banda lililokuwa la kuku. Mwanawe akaingia kiwandani, akafa mapafu yamejaa vumbi la sufu. Gideon naye akaingia ana miaka kumi na minne, akatoka ana sitini na mitano, masikio yamekufa nusu kwa kelele za mashine. Wakubwa walimpa saa ya mfukoni. Ilisimama kabla ya Krismasi.

Aliyekuwa akimzuia kuupeleka mgolole ofisini ni Effie peke yake. "Uache, Gid. Umelala, usiuamshe." Mwaka wa mgomo aliponyanyuka kwenda kuutupa mezani kwa wakubwa, Effie alificha ufunguo wa sanduku siku tatu. Mgolole aliutoa mara moja tu kwa mwaka, siku ya mwaka mpya, akautundika kwenye kigingi karibu na jiko, na jua likizama alikuwa ameshaukunja. Gideon alidhani ni heshima.

Sasa Effie alikuwa chini ya nyasi za kanisa, na ufunguo ulikuwa kwenye kikombe kisicho na mkono, pale pale ulipokuwa siku zote. Gideon akavaa tai.

*

"Mzee Gideon! Tai leo! Nani kafa?"

Huyo alikuwa Lorne Aitchison, karani wa kiwanda na mtunza vitabu vya vipande, vile vitabu vinene ambamo kila nguo iliyopata kufumwa Torbrae imebandikwa kipande chake. Gideon alimjua tangu akitambaa. Mama yake alikuwa meza moja na Effie katika chumba cha kutililia, ambako wanawake huziba kwa sindano kila uzi uliokatika kabla nguo haijatoka.

"Atakufa Haddow," Gideon akasema, "nikishaonyesha nilichokuja nacho."

"Yupi? Wako watatu, na wawili wameshakutangulia kufa."

"Basi afe tena."

Lorne akacheka. "Weka kofia popote, Mzee."

Gideon akaiweka juu ya sanduku la mbao lililokuwa nyuma ya mlango, sanduku zito, nyasi kavu zikichungulia kwenye nyufa zake. Akaukunjua mgolole mezani. Lorne akaleta kitabu cha kwanza, akakifungua ukurasa wa kwanza. Kipande cha kwanza cha Miraba ya Haddow kilikuwa kidogo kama kiganja, kimebandikwa kwa gundi iliyogeuka rangi ya asali. Akaviweka bega kwa bega, akainamia kwa kile kioo cha kuhesabia nyuzi, akahesabu midomo ikicheza.

"Uzi kwa uzi," akasema mwishowe.

"Si nilikwambia! Mtu na mama yake!"

"Nakubali vinafanana. Sasa tunataka kujua kipi mama." Vidole vya Lorne vilikuwa vikitembea kwenye upindo wa mgolole. Vikafika pembeni, vikasimama. "Hapa pamekuwa pazito. Upindo huu nani kaushona?"

"Bibi, nadhani. Mimi nitajuaje?"

"Mishono hii ni ya chumba cha kutililia, Mzee. Mama alikuwa akishona hivi hivi." Akachukua mkasi mdogo. "Unaniruhusu?"

"Fumua. Babu hakuwa na cha kuficha."

Lorne akafumua upana wa vidole vinne. Ndani ya mkunjo zikatokea nyuzi tatu zilizokatiza upana wa nguo: njano, njano, kijani.

Gideon aliziona kabla Lorne hajasema neno, na hakuna mfumaji wa Torbrae ambaye asingezielewa. Mfumaji anapoanza nguo mpya hupitisha kwanza nyuzi chache za rangi, alama ya mashine yake. Hicho ndicho kichwa cha nguo. Kwa hicho hulipwa, na kwa hicho hutukanwa kasoro ikionekana. Na chumba cha kutililia kilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: kichwa cha nguo hakikatwi. Mwenye duka atakata mwenyewe akitaka. Mwanamke wa sindano hagusi, kwa sababu akikata kichwa amekata mkate wa mtu.

Njano, njano, kijani ilikuwa mashine ya arobaini na moja. Nayo, tangu iliposimikwa mwaka wa elfu moja mia tisa na tisa mpaka mwaka wa hamsini na moja, ilikuwa na mfumaji mmoja tu.

Lorne akakohoa. "Mzee Gideon. Nguo hii umeifuma wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mgolole wa babu yangu nimeufuma mimi?"

"Mimi nasoma tu kilichoko hapa."

Gideon akaitazama mikono yake kana kwamba ingemwambia kitu. Babu alikufa yeye ana miaka tisa. Mgolole aliuona kwa babu, akauona kwa baba, akaurithi. Sasa aliufuma lini? Aliufuma kabla hajazaliwa? Akajaribu kuhesabu miaka, ikamtoroka kama mbuzi walioachiwa zizi. Wamenibadilishia, aliwaza. Wakubwa wameingia nyumbani kwangu wakanibadilishia. Lakini waliingia lini, na ufunguo ulikuwa kwenye kikombe?

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Haddow, yule wa tatu, kijana wa miaka arobaini mwenye meno mazuri. Akauona mgolole mezani, akampiga Gideon begani.

"Historia za familia! Hizo ndizo tunazozitaka! Endeleeni, endeleeni." Akatoka alivyoingia.

Gideon aliukusanya mgolole bila kuukunja, akaondoka.

*

Kofia aliisahau, na kwa sababu aliisahau, Jessie akaja. Jessie alikuwa dada yake Effie, mjane naye, nyumba ya tatu kutoka kwake, na dirisha lake halikupitwa na kitu.

"Shemeji," akasema akiingia na sahani ya skonzi chini ya kitambaa, "umepita barabara nzima kichwa wazi, nguo inaburuzika. Umeugua au umeposa?"

Gideon alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Akamsukumia mgolole mezani, pembe iliyofumuliwa ikiwa juu.

Jessie naye alikaa miaka thelathini chumba cha kutililia. Aliona njano, njano, kijani, akaiweka sahani chini polepole.

"Ee Effie," akasema. "Nilikwambia ukate."

"Wewe unajua nini?"

"Najua vyote. Ngoja nikae."

Akakaa, akasimulia akitazama mikono yake. Ulikuwa mwaka wa thelathini na moja, mwezi wa tatu. Binti yao Nan alikuwa na miaka minne akashikwa na dondakoo. Gideon alikumbuka sehemu yake: alirudi kutoka kazini akakuta tangazo jekundu limepigiliwa mlangoni pake, na mtu wa halmashauri amesimama akamwambia achague, aingie ndani asitoke, au abaki nje aendelee na kazi. Msimamizi wa kiwanda alikuwa ameshasema atakayekaa ndani asirudi. Gideon akalala wiki sita katika chumba cha tanuri cha kiwanda, anamwona mkewe dirishani tu, kila mmoja anapunga mkono kama yuko melini.

"Makaa mliyokuwa nayo yalikuwa ya siku kumi," Jessie akasema. "Yakaisha. Effie akamfunga mtoto kwenye mgolole wa babu yako. Usiku na mchana mtoto yumo humo, anatapika humo. Na mtoto akapita salama. Sasa daktari akaja, hakuingia, akasimama barabarani akapiga kelele: kila kilichomgusa mtoto, choma au chemsha!"

"Nani anachemsha sufu?"

"Ndiyo."

"Sufu ikichemshwa inajikunja inakuwa soli ya kiatu!"

"Mimi unaniambia?"

"Effie hakujua?"

"Gideon Hislop. Mwanamke aliyekaa miaka kumi na minane chumba cha kutililia asijue? Alijua kama anavyojua jina lake. Kuchoma hakuweza. Akachemsha. Alilia, lakini akachemsha. Ukatoka mdogo hivi, mnene hivi."

Chai ikachemka ikamwagika jikoni, hakuna aliyeinuka.

"Halafu, tangazo lilipobanduliwa, tukaenda kwenye meza ya nguo za kasoro," Jessie akaendelea, "tukatafuta Miraba inayofanana. Tukailoweka kwenye chai mara tatu, tukaitundika juu ya moshi. Kwangu tuliikausha. Mimi nilishika upande huu, yeye ule."

"Kumbe na wewe!"

"Na mimi. Nikamwambia, kata kichwa, Effie, mwanamume huyu ni mfumaji. Akashika mkasi. Mkono ukakataa. Akasema, hiki ni kichwa cha Gid, mimi nikate kichwa cha Gid? Akakikunjia ndani."

"Miaka ishirini na sita! Kwa nini hakuniambia?"

Jessie akamtazama, mara ya kwanza tangu aanze. "Siku waliyobandua lile tangazo uliingia ndani. Mtoto anatembea. Ukambeba, ukamzungusha. Na neno lako la pili lilikuwa, mgolole wa babu uko wapi? Ungekuwa wewe Effie, ungejibu nini?"

Gideon alitaka kubisha. Akatafuta siku ile kichwani: mtoto aliukumbuka uzito wake, mlango aliukumbuka, harufu ya dawa. Neno la pili hakulikumbuka. Labda alilisema. Labda Jessie ndiye anayemwekea kinywani. Hakujua, na kutojua kule kukampanda kama homa. Akaanza kumtukana daktari, aliyesimama barabarani kwa viatu vyake safi. Akamtukana mtu wa halmashauri, akamtukana msimamizi, akayatukana makaa ya siku kumi na aliyeyapima. Jessie akamwacha amalize, akaenda kufuta chai iliyomwagika.

"Na ule wa babu?" Gideon akauliza, sauti imeisha. "Aliutupa?"

Jessie akakitazama kiti alichokalia Gideon. Midomo yake ikacheza, isijulikane ni kicheko au kitu kingine.

"Shemeji, simama."

"Kwa nini?"

"Wewe simama kwanza."

Akasimama. Kitini palikuwa na takia, lile lile, la kitambaa cha kahawia kilichochujuka, limebonyea umbo la makalio yake.

"Umeukalia tangu mwaka wa thelathini na moja," Jessie akasema.

*

Walilifumua kwa mkasi wa Effie. Ndani mlikuwa na kitu kinene kama kidole, kigumu, kimekunjwa mara mbili. Gideon akaleta kioo chake cha kuhesabia nyuzi, akakipeleka dirishani, akainama mpaka mgongo ukalia. Hapakuwa na uzi wa kuhesabu. Sufu ilikuwa imeshikana, kijivu kimeingia kwenye kutu, kutu imeingia kwenye kijivu, kama barabara baada ya ng'ombe. Mara aliona mraba. Akipepesa macho, haupo.

"Ngoja," akasema. "Mimi nilikuwa nimefuma miaka thelathini. Nikabadilishiwa nguo, nisijue. Maana yake nini? Maana yake zilikuwa sawa! Wa babu na Miraba ya Haddow, sawa kabisa!"

"Au," Jessie akasema, "babu yako aliukata mgolole wake kwenye nguo ya Haddow, kama kila mtu."

"Aliuvaa kwenye meli!"

"Meli gani?"

"Wewe uko upande gani?"

"Wa skonzi. Zinapoa."

Gideon alikuwa amesimama na lile pande la sufu mkononi, karibu na birika, na mvuke ukalipiga. Harufu ikapanda. Haikuwa ya jasho la miaka ishirini na sita, ingawa hiyo nayo ilikuwepo. Chini yake ilikuja nyingine, ya jiwe baada ya mvua, ya udongo wa pango. Gideon akalipeleka puani.

Alikuwa tena na miaka sita, amepiga magoti kwenye miamba juu ya maporomoko, na babu yupo pembeni, kijiko cha bati mkononi, anakwangua ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe. Kwaruza taratibu, babu anasema, mawe nayo yana ngozi. Ukoga unaingia kwenye sufuria pamoja na sufu, tabaka kwa tabaka, siku nzima uko motoni bila kutokota, na sufu inatoka rangi ya kutu, na harufu hiyo haiondoki tena, uifue, uizike.

Akaitafuta karatasi ya kiwanda. Pamoja na yale maswali walikuwa wameambatisha kurasa mbili za historia yao, zilizoandikwa na mtu aliyelipwa. Akampa Jessie asome, maana maneno marefu yalimsumbua. Jessie akasoma: "Tangu kipande cha kwanza kabisa, Josiah Haddow alitia rangi ya kutu kwa dawa za mapipa alizoagiza Montreal, kwa ufundi alioubuni mwenyewe."

"Pipa la Montreal halinuki mawe," Gideon akasema.

"Halinuki."

"Kwa hiyo kile kipande cha kwanza, kwenye kitabu. Kikinuka..."

"Utakwenda kunusa kitabu cha kiwanda, shemeji?"

"Nitakitia mvuke kwanza."

"Watakufunga."

"Wanifunge. Nitakula bure kwa Haddow mara ya kwanza."

*

Alirudi Ijumaa asubuhi, pande la sufu limefungwa kwenye gazeti. Kofia yake ilikuwa mezani kwa Lorne, imepigwa brashi. Nyuma ya mlango lile sanduku la mbao lilikuwa limefunguliwa, kifuniko kimeegemezwa ukutani, nyasi zimetapakaa. Gideon aliziruka bila kuangalia.

Alisema kila kitu, dondakoo na chai na takia, tena vururuvururu, mwisho kabla ya mwanzo. Lorne alimsikiliza kalamu ikiwa hewani. Alipofika kwa Effie na mkasi, Lorne akaiweka kalamu chini.

"Mama alikuwa akisema hivyo hivyo," akasema. "Kichwa hakikatwi."

Hakuuliza zaidi. Akafunga mlango, akaleta birika dogo la chai la ofisini, akakifungua kitabu ukurasa wa kwanza. Wakakishikilia juu ya mvuke wazee wawili, maana Lorne naye alikuwa anakaribia hamsini, kama watu wanaokausha soksi ya mtoto. Gideon akamsogezea.

"Nusa wewe. Mimi utasema nasingizia."

Lorne akanusa. Akakunja uso. Akanusa lile pande la sufu, akarudi kwenye kipande, akanusa mara ya tatu, macho yamefumbwa.

"Gundi," akasema. "Na karatasi. Na... mawe."

"Sema tena."

"Kinanuka mawe, Mzee. Ni kweli. Kinanuka."

Gideon alidhani angefurahi. Miaka yote alijua siku hiyo ikifika atapiga ngumi meza. Badala yake alisimama tu, ngumi haijui pa kwenda. "Basi andika," akasema.

"Niandike nini? Kwamba kinanuka?"

"Andika kwamba aliyetia rangi nguo ya kwanza alikwangua mawe. Na Haddow alikuwa akiuza misumari. Andika jina la babu. Hata chini ya lile la Haddow. Hata dogo."

"Mawe, nitashuhudia mimi mwenyewe, mbele ya yeyote. Nani aliyekwangua, kipande hakisemi." Lorne alikuwa anaongea na sakafu. "Na hata kingesema. Mzee, njoo uone."

Akamshika mkono akampeleka kwenye sanduku, akasogeza nyasi. Bamba la shaba likang'aa. JOSIAH HADDOW, ALIYEBUNI MIRABA. Pembeni, kwa herufi ndogo, mhuri wa waliolisubu, Toronto, mwezi wa nane.

"Mwezi wa nane," Gideon akasema.

"Ndiyo."

"Leo ni Oktoba. Karatasi mmetuletea Jumatatu."

"Bwana Haddow alitaka kila ukoo ujione umo."

"Niliweka kofia yangu juu yake," Gideon akasema. "Jumanne. Nikakuuliza hukuniambia. La, sikukuuliza. Lakini hukuniambia."

"Sikukwambia."

Kutoka chini zilisikika mashine, sakafu ikitetemeka kama kawaida, na Gideon kwa masikio yake mabovu akajikuta anatafuta sauti ya arobaini na moja kati ya nyingine. Akadhani ameisikia. Huenda ilikuwa arobaini na mbili.

Akaitoa karatasi mfukoni, akaomba kalamu. Mwaka aliofika akauacha wazi. Jina la meli akaliacha wazi. Akainama kwenye ile mistari miwili, na kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika kidogo, ilimchukua muda mrefu. Mstari wa kwanza aliandika: Andrew Hislop alikwangua mawe. Mstari wa pili, kwa jina kamili la Effie: Euphemia Hislop hakukata kichwa.

Lorne akaisoma mara mbili. "Hawataielewa, Mzee."

"Hata mimi siielewi yote. Wewe ibandike humo kitabuni, karibu na kile kipande. Gundi unayo."

Lorne akautazama mlango. Kisha akavuta mtungi wa gundi.

*

Jumamosi bendi ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Gideon hakwenda. Alikuwa jikoni, pande la sufu magotini, sindano ya Effie mkononi, anarudisha kitambaa cha kahawia juu yake. Jessie aliporudi kutoka kwenye sherehe na kipande cha keki ndani ya leso alimkuta hapo.

"Mishono gani hiyo? Kuku kapita?"

"Ni kazi yangu ya kwanza."

"Inaonekana." Akaweka keki mezani. "Bamba lilipofunuliwa watu walipiga makofi. Mimi nilikohoa."

Mgolole wa chai na moshi, ule aliofuma mwenyewe, ulikuwa kwenye kigingi ingawa haikuwa mwaka mpya, pembe yake bado imefumuliwa, njano, njano, kijani nje. Gideon akamaliza, akakata uzi kwa meno, akaliweka takia kitini. Akalitazama. Akalitoa, akalisimamisha juu ya kabati kama picha ya mtu. Hapo napo pakawa sipo. Akalirudisha kitini, akabaki amesimama nyuma ya kiti, mikono kwenye egemeo lake, kama mtu anayemngoja mgeni akae kwanza.

"Nilikalie tu?" akauliza.

"Chai inapoa, shemeji," Jessie akasema.

Gideon akavuta kiti cha Effie, cha mbao tupu, akakikalia hicho. Kilikuwa baridi. Akakunywa nusu kikombe, akainuka, akahamia kwenye chake.